Jina la Timu na Filimbi ya Refa: Jibu kwa Nahodha wa Hoki ya Barafu

Msomaji anauliza: Mtaalamu, mimi ni nahodha wa timu ya ridhaa ya hoki ya barafu. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa timu ya fujo, sikatai. Wengi wa waliotupa jina hilo wameshaondoka, kocha ni mpya, na msimu huu tumejitahidi kucheza kistaarabu. Lakini kila tukiingia uwanjani tunahisi refa ameshatuhukumu. Kosa lile lile wapinzani wanasamehewa, sisi tunatolewa dakika mbili. Je, ni kweli jina la timu huathiri maamuzi, au tunajifariji tu? Na je, jezi zetu nyeusi zinachangia? Tufanye nini?

Nahodha, nimelipenda lile neno lako "sikatai". Wengi wanaoniuliza kuhusu waamuzi huanza kwa kuapa kwamba timu yao haijawahi kumgusa mtu.

Jibu fupi ni ndiyo, jina la timu huathiri maamuzi. Ila haliathiri maamuzi yote, wala halifanyi kazi kwa namna ambayo wachezaji wengi hudhani. Mchezaji akimpiga mwenzake mtama mbele ya macho ya refa, anatolewa kwa sababu amepiga mtama, hata kama timu yake ni ya malaika. Jina huingia kazini pale refa alipoona nusu ya tukio na analazimika kuijaza nusu nyingine mwenyewe. Makao yake ni kwenye shaka, na mchezo wenu, kwa bahati mbaya, umejaa shaka.

Hebu mfikirie huyo refa. Uwanja wa ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini una urefu wa takriban mita 61 na upana wa mita 26. Ndani yake kuna wachezaji kumi wanaoteleza kwa kasi, makipa wawili, na kisahani kinachochezwa badala ya mpira, ambacho mara nyingine hata kamera hukipoteza. Refa naye yuko juu ya vyuma vya viatu, mara nyingi anateleza kinyumenyume, ukuta uko mgongoni. Anachokipata ni kipande cha picha: gongo limepita chini, mtu ameanguka. Gongo liligusa kisahani kwanza au kifundo cha mguu? Mtu kaanguka au kajiangusha? Ana sekunde moja, pengine pungufu, ya kuamua kama atainua mkono.

Akili ya mtu haikai na pengo. Picha ikiwa pungufu, huenda ghalani kuchukua kilichopo, na ghalani mwa refa mmo nyinyi. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Refa aliyechezesha mechi yenu miaka mitatu iliyopita na kutoka na koo limemkauka, akiliona gongo lenu limeinuka kidogo anaona nyoka. Hadanganyi, wala hajahongwa. Kwa sekunde ile ni nyoka kweli.

Nami nikiri langu. Nilipokuwa bado nachezesha, kabla ya mechi moja mwenzangu alifunga kamba za viatu huku akisema, "Leo tuna wale." Hakuongeza neno. Dakika ya pili nilimtoa beki wao kwa kumvuta mtu kwa gongo. Usiku ule niliitazama video mara sita. Gongo lake lilikuwa limegusa hewa. Nilichokiona uwanjani kilikuwa mtu aliyepunguza mwendo ghafla, na jezi ya "wale" nyuma yake. Sehemu iliyobaki niliitunga mimi.

Sasa ushahidi, maana kisa changu si ushahidi. Utafiti ninaourudia kila ninapofundisha waamuzi ulifanywa kwenye soka. Mwaka 2002 Jones, Paull na Erskine walichapisha matokeo ya jaribio ambalo waamuzi 38 walionyeshwa matukio 50 ya video. Kundi moja liliambiwa mapema kwamba timu ya jezi za bluu ina sifa ya uchezaji mkali na mchafu. Kundi la pili halikuambiwa hivyo. Video zilikuwa zile zile. Ungetegemea waliodokezwa waone faulo nyingi zaidi za timu ya bluu, na sivyo ilivyokuwa: idadi ya faulo haikutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Kilichopanda ni kadi, za njano na nyekundu.

Hapo ndipo pa kukaa kidogo. Jina halikuwafanya waamuzi wale waone faulo zisizokuwepo. Lilifanya faulo iliyopo ionekane ya makusudi. Mguu ule ule uliochelewa, kwa timu moja ni kuchelewa, kwa nyingine ni nia mbaya. Kwa hiyo unapoangalia mechi zenu usiulize tu "Tumetolewa mara ngapi?" Uliza pia "Tumetolewa kwa uzito gani?"

Katika hoki, uzito ni jambo kubwa kuliko kwenye soka. Adhabu ndogo ni dakika mbili za timu kucheza pungufu, na wapinzani wakifunga, aliyetolewa anarudi. Adhabu kubwa ni dakika tano, na anakaa kwenye kibanda cha adhabu zote hata wakifunga mara nne. (Zamani hata ile ndogo ilitumikiwa yote. Kanuni ilibadilishwa mwaka 1956 kwa sababu Montreal Canadiens walikuwa wakiwala watu wazima wazima kila walipozidi mchezaji mmoja. Msimu uliotangulia nyota wao Jean Béliveau alifunga mabao matatu ndani ya sekunde 44 dhidi ya Boston. Ni mara chache sifa ya timu moja hubadilisha si uamuzi tu bali kanuni yenyewe.) Katika NHL timu iliyozidi mtu mmoja hufunga takriban mara moja kwa kila nafasi tano. Dakika mbili si kifo, lakini dakika tano zinaweza kuwa mechi nzima. Na kinachotenganisha mbili na tano mara nyingi ni neno moja ndani ya kichwa cha refa: alikusudia, au hakukusudia.

Mechi ya saba, ya kuamua, ya mtoano wa NHL kati ya San Jose Sharks na Vegas Golden Knights, tarehe 23 Aprili 2019, ilionyesha hatari hiyo, ingawa pale hapakuwa na suala la jina baya. Joe Pavelski wa Sharks aliangushwa vibaya baada ya kuanzisha mchezo, damu ikamtoka, na waamuzi wakampa Cody Eakin wa Vegas adhabu ya dakika tano. Vegas walikuwa mbele kwa mabao matatu. Sharks walifunga manne ndani ya dakika hizo tano, na wakashinda katika muda wa nyongeza. Waamuzi waliona matokeo, yaani damu, wakayatumia kukadiria kosa. Msimu uliofuata ligi iliwaruhusu waamuzi kutazama upya video ya adhabu kubwa kabla ya kuithibitisha. Adhabu ndogo za kawaida, zile mbili mbili zinazowaumiza nyinyi, hazikuguswa. Huko, karibu kila mara, jicho la refa bado ni mahakama ya kwanza na ya mwisho.

Kuna mahali ambapo jina lina haki ya kutumika, na ni vizuri ulijue kabla hujaenda kulalamika. NHL ina idara ya usalama wa wachezaji, iliyoanzishwa mwaka 2011, ambayo hukaa baada ya mechi kuamua nani afungiwe. Idara hiyo huangalia historia ya mchezaji waziwazi, na mwenye kufungiwa tena ndani ya miezi 18 hukatwa mshahara kwa hesabu nzito zaidi. Raffi Torres alipofungiwa mechi 41, nusu ya msimu, mnamo Oktoba 2015 kwa kumgonga Jakob Silfverberg, hakuna aliyejifanya kwamba adhabu ile ni ya tukio moja. Ilikuwa ya tukio moja pamoja na faili lote. Tom Wilson naye alipewa mechi 20 mwaka 2018, msuluhishi huru akazipunguza hadi 14. Lakini mantiki iko wazi: kwanza huulizwa kama kosa limetendeka, kwa kuangalia video polepole. Faili hufunguliwa baadaye, wakati wa kupima adhabu. Mahakama nyingi duniani hufanya hivyo hivyo.

Refa uwanjani hana anasa hiyo. Hukumu na adhabu anazitoa kwa pumzi moja, na faili liko wazi kichwani mwake tangu mwanzo. Hii ndiyo sababu siwezi kumwambia refa "sahau majina". Hawezi. Tena kujua historia ya timu mbili ni sehemu ya kazi yake: akijua wachezaji fulani wawili walipigana mechi iliyopita, atajisogeza karibu nao kabla hawajaanza. Hilo ni jambo zuri. Ubaya ni kwamba jicho likishaelekezwa upande mmoja, upande wa pili hubaki gizani. Beki wenu akichungwa kila sekunde, makosa yake yote mawili yataonekana. Wa upande wa pili akifanya manne, yataonekana mawili. Kwenye karatasi ya matokeo mko sawa kwa sawa, lakini sivyo ilivyokuwa. Hapo refa hakuamua vibaya tukio hata moja. Alitazama vibaya tu. NHL ilianza kujaribu waamuzi wakuu wawili msimu wa 1998–99, badala ya mmoja, na kuanzia 2000–01 mechi zote zikawa na wawili. Jozi ya pili ya macho husaidia, lakini waamuzi wawili wanaojua jina moja wanaweza wote kumtazama mtu mmoja.

Sasa nigeuze upande wa pili, ambao timu zenye jina baya hazipendi kuusikia. Jina baya mara nyingine hulipa.

Philadelphia Flyers wa miaka ya sabini walikuwa timu ya fujo kuliko zote, wakaitwa wababe wa Broad Street. Dave Schultz peke yake alikusanya dakika 472 za adhabu msimu wa 1974–75, rekodi ambayo haijavunjwa. Ungesema timu hiyo ilizama kwa kucheza pungufu kila siku. Ilitwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mwaka 1974 na tena 1975. Maana kuna kikomo cha makosa ambayo refa yuko tayari kuyapulizia filimbi katika mechi moja. Timu ikifanya makosa 30, refa hawezi kuyaita yote bila mchezo kugeuka maonyesho ya kibanda cha adhabu, kwa hiyo ataita kumi na kuyameza mengine. Kipimo chenyewe husogea. Kinachoitwa kosa kwa timu ya upole kinakuwa "ndivyo walivyo" kwa wababe.

Tarehe 11 Januari 1976 wababe hao walicheza na CSKA ya Moscow. Ed Van Impe alimgonga Valeri Kharlamov hadi chini na filimbi haikulia. Kocha Konstantin Loktev akawatoa wachezaji wake uwanjani kwa hasira, na waliogoma ndio walioandikiwa adhabu, ya kuchelewesha mchezo. Walirudi baadaye, Flyers wakashinda 4–1. Kama unadhani jina baya siku zote humwongezea mtu adhabu, waulize Warusi wale.

Ukichanganya hayo mawili unapata mtego wenu. Timu inayoendelea na fujo hufaidika na uchovu wa refa. Timu iliyoacha fujo, kama yenu, inabaki na jina bila faida yake. Mnafanya makosa machache, kila moja linaonekana, na kila moja linasomwa kwa miwani ya zamani. Ni kipindi kibaya kuliko vyote kwa timu kuwa nacho, na nadhani ndicho mnachokihisi.

Kabla hujafurahi kwamba nimekupa haki, vumilia nikunyang'anye kidogo. Si kila adhabu inayouma inatokana na jina. Waliochambua maelfu ya mechi za NHL wamegundua tabia mbili za waamuzi ambazo hazina uhusiano na jina la mtu. Ya kwanza ni kusawazisha: timu iliyoandikiwa adhabu zaidi hadi sasa ina nafasi ndogo ya kuandikiwa inayofuata. Ya pili, timu inayoongoza kwa mabao hupuliziwa zaidi kuliko inayofuata nyuma. Michael Lopez na Kevin Snyder waliandika juu ya hilo la kusawazisha mwaka 2013, na uchambuzi wa Beaudoin, Schulte na Swartz uliotoka miaka mitatu baadaye ulithibitisha mambo hayo mawili. Kama msimu huu mnacheza vizuri na mnaongoza mara nyingi, mtatolewa mara nyingi zaidi, hata mngekuwa wageni kabisa kwenye ligi.

Kuhusu kusawazisha, NHL ilipata aibu ya hadharani. Tarehe 23 Machi 2021, katika mechi ya Nashville Predators na Detroit Red Wings, kipaza sauti kilimnasa refa Tim Peel akisema, kwa maneno makali kuliko haya yangu, kwamba kosa lenyewe halikuwa kubwa ila alitaka kuipa Nashville adhabu mapema. Mchezaji aliyekuwa ametolewa ni Viktor Arvidsson. Ligi ilimwondoa Peel kazini siku iliyofuata, akiwa amebakiza mwezi mmoja kustaafu. Wachezaji wengi wa zamani hawakushangazwa na maneno yake. Walishangaa tu kwamba amesikika. Mimi sioni kwamba alikuwa mtu mbaya. Alisema kwa sauti kile ambacho wengine hukifanya kimya: kuendesha mechi kama mizani, badala ya kuita kila kosa kama lilivyo.

Kelele za mashabiki ni jambo la tatu. Mechi za NHL zilipochezwa bila watazamaji wakati wa janga la korona, watafiti waliona kwamba faida ya timu za nyumbani upande wa adhabu iliyeyuka. Kwa hiyo ukiwa ugenini, nusu ya "jina baya" lenu huenda ni watu elfu moja wanaopiga yowe kila gongo lenu linapogusa jezi.

Jina zuri nalo lina kazi yake. Wayne Gretzky alikuwa mchezaji aliyeheshimika kwa uungwana, mara tano akatunukiwa Lady Byng, tuzo ya mwenendo mwema uwanjani. Tarehe 27 Mei 1993, muda wa nyongeza, gongo lake lilimchana Doug Gilmour wa Toronto kidevuni. Refa Kerry Fraser hakutoa adhabu. Muda mfupi baadaye Gretzky huyo huyo akafunga bao la ushindi, na mashabiki wa Toronto hawajasamehe hadi leo. Fraser alikuja kukiri kwamba alikosea, kwamba hakuona. Namwamini. Wala sidhani alimpendelea nyota kwa makusudi. Ila najiuliza: kama gongo lile lingekuwa mkononi mwa Dave Schultz, je, Fraser na wasaidizi wake wawili waliokuwa wakishauriana pale wangetoka na jibu lile lile? Huwezi kulijibu swali hilo kwa tukio moja. Kwa matukio mengi unaweza. Kwenye besiboli, watafiti Kim na King walichambua mitupo zaidi ya 700,000, wakapima kila uamuzi wa refa kwa kamera zinazojua mpira ulipita wapi hasa. Warushaji wenye sifa kubwa walipewa faida ya makosa ya refa mara nyingi zaidi, kwa mpira uliopita pale pale ulipopita wa wasiojulikana.

Turudi kwenu, na kwanza kwenye kuhesabu. Mpeni mtu mmoja asiye mchezaji video za mechi zenu kumi, na kila adhabu aiweke kwenye moja ya mafungu mawili: ya wazi, ambayo hata mama mzazi wa mchezaji angeikubali, na ya shaka. Afanye hivyo kwa pande zote mbili. Jina kama linafanya kazi, litaonekana kwenye fungu la shaka: mtakuta adhabu zenu nyingi ni za shaka, za wapinzani nyingi ni za wazi. Kisha aandike makosa ya wapinzani yasiyopulizwa. Na kila tukio aandike nani alikuwa akiongoza na nani alikuwa nyumbani, usije ukalilaumu jina kwa kazi ya ubao wa mabao. Mechi kumi ni chache, kwa hiyo usiende nazo kwa wasimamizi wa ligi ukidhani una ushahidi wa mahakamani. Ni za kuwafungua macho nyinyi wenyewe. Timu nyingi zikifanya zoezi hili hugundua kwamba sehemu ya "uonevu" ni ya wachezaji wawili wenye magongo marefu na hasira fupi.

Baada ya hapo, kazi yenu ni kupunguza shaka. Mwaka 2005, NHL iliporudi baada ya msimu uliofutwa kwa mgogoro wa mikataba, iliwaamuru waamuzi kuita kila kosa la kumzuia mtu kwa gongo au mkono. Msimu ule kila timu ilipata karibu nafasi sita kwa mechi za kucheza ikiwa imezidi mtu. Wachezaji walijifunza ndani ya miezi: mkono usio na gongo usimshike mtu, na gongo lisilale mlalo mbele ya mwili wake, maana hivyo viwili refa huviona kutoka mbali hata bila kuona mguso. Kwa timu yenye jina kama lenu hili ni muhimu maradufu. Gongo likiwa chini kwenye barafu, refa hana picha ya kujaza. Likiwa mbavuni mwa mtu, hata bila nguvu, umempa kalamu na karatasi.

Msiguse mtu baada ya filimbi. Hapo hapana kasi wala kisahani cha kusingizia, na refa ana muda wote wa kusoma nia. Dakika tano za mwanzo wa mechi nazo zina thamani kuliko mnavyodhani, maana ndipo refa anapopima kama alichoambiwa juu yenu ni kweli. Ningewaanzisha wachezaji wenu watulivu, si wenye nguvu.

Kujiangusha mkome kabisa. NHL ina kanuni ya 64 inayohusu hilo, na tangu 2014–15 inaweka orodha: mara ya kwanza onyo, mara ya pili faini ya dola 2,000, na inaendelea kupanda, huku jina likitangazwa. Hiyo ni ligi kutengeneza sifa mbaya rasmi, kwa makusudi, ili waamuzi wajue nani si wa kuaminiwa. Ligi yenu huenda haina orodha kama hiyo, lakini waamuzi wanayo vichwani. Timu yenye jina la ukali na la uongo kwa pamoja haina mtetezi.

Na wewe mwenyewe, uliyevaa herufi C ya nahodha kifuani: kwa kanuni, wewe ndiye wa kuzungumza na refa, si wenzako kumi na tisa. Nenda kwake kabla ya mechi, jitambulishe kwa jina lako, msalimie. Usimwambie "tumebadilika", hakuna refa anayeamini maneno hayo. Baada ya uamuzi wa shaka uliza swali ambalo lina jibu: "Umeona gongo au mkono?" Swali hilo humlazimisha, kwa heshima, arudi kwenye alichokiona badala ya anachokijua juu yenu. Ukiuliza "Kwa nini sisi kila siku?" umemkumbusha jina.

Itachukua muda. Waamuzi hukutana nanyi mara chache kwa msimu na hupokezana habari vyumbani, kwa hiyo jina husafiri haraka kuliko mabadiliko. Msimu mmoja msafi nauona mdogo. Miwili, labda.

Nimekuachia jezi mwisho. Mwaka 1988 Mark Frank na Thomas Gilovich walionyesha kwamba timu za NHL zilizovaa nyeusi ziliandikiwa adhabu zaidi ya wastani. Pittsburgh Penguins walibadili bluu kwa nyeusi katikati ya msimu wa 1979–80, na dakika zao za adhabu zikapanda kutoka nane hivi kwa mechi hadi kumi na mbili. Watafiti hao pia waliwaonyesha watu, waamuzi wakiwemo, matukio yale yale ya mpira wa Kimarekani yakiwa na jezi nyeusi au nyeupe, na nyeusi zikaonekana kali zaidi. Jambo ambalo watu hulisahau ni jaribio lao la mwisho: wanafunzi waliovishwa nyeusi walichagua wenyewe michezo ya ukali zaidi. Rangi ilimgusa anayetazama na anayevaa. Tangu hapo watafiti wamebishana. Caldwell na Burger mwaka 2011 hawakuona athari yoyote ya nyeusi kwenye hoki. Mwaka uliofuata Webster na wenzake walipitia misimu 25 ya NHL wakaiona tena. Kama athari ipo, ni ndogo kuliko ya gongo lililoinuliwa.

Kwa hiyo msinunue jezi mpya kwa ajili ya refa. Zikichakaa, nunueni rangi nyingine. Fedha mliyonayo sasa nunulieni kamera ya pili, muiweke upande wa benchi, maana ukihesabu adhabu zenu za shaka utakuta nyingi zilitokea mahali ambapo kamera moja haikufika.